Fundi Apimaye Kabla ya Kufungua

Miongoni mwa kazi za ufundi zifanywazo katika bandari ndogo za mwambao wetu, ambako vyombo hukaa mchangani maji yakupwapo na mafundi hupata saa chache za kushughulika na mashine kabla bahari haijajaa tena, iko moja isiyopewa taadhima yake, kwa kuwa haina kishindo wala haibadilishi kitu kinachoonekana kwa macho, nayo ni kupima nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda za mashine kuukuu ya boti. Mafundi wenyewe huiita kupima kompresheni. Mwenye chombo aliyezoea kuona vyuma vikitandazwa juu ya gunia huitazama kazi hii kwa dharau kidogo, akidhani kwamba anapotezewa wakati. Mimi naiona kuwa ndiyo yenye adabu kuliko zote zilizomo katika ufundi huo.

Mashine ninayoikusudia ni ile itungikwayo tezini, yenye silinda mbili, iwashwayo kwa kamba na kunywa petroli iliyochanganywa na oili, mfano wa Yamaha ya nguvu za farasi 40 ijulikanayo na wavuvi wengi wa pwani. Tangu Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe, alipoanza kuuza mashine zake mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, siri ya mashine hii haijabadilika sana: pistoni hupanda na kuibana hewa yenye petroli katika nafasi finyu chini ya hedi, cheche ya plagi huiwasha, na mripuko ule huisukuma pistoni irudi. Hewa ikipata upenyo wa kutorokea, ama kando ya ringi zilizolika, ama katika mikwaruzo ya ukuta wa silinda, ama chini ya gasketi iliyoungua, mripuko hudhoofu, na boti iliyokuwa ikienda mbio na watu sita hujikokota ikiwa na watatu.

Ustadi wenyewe huanza kwa subira. Mashine hutiwa katika pipa la maji matamu, ikanguruma hata ikapata joto la kazi, maana chuma baridi hakijatanuka na ushahidi wake ni pungufu. Kisha hufunguliwa plagi zote mbili, si moja, ili pistoni zipande bila kizuizi. Na fundi mwangalifu hazitupi plagi hizo kando bali huzigeuzageuza mwangani, kwani ile ambayo kauri yake imesafika na kung'aa kuliko ya mwenziwe yaweza kuwa imeoshwa na mvuke wa maji yaliyopenya mahali yasipostahili. Nyaya za plagi hugusishwa na chuma cha bloku, ili cheche isiruke ovyo karibu na mvuke wa petroli. Kabureta hufunguliwa kabisa, kwa kidole ikibidi, kwani silinda iliyozibiwa njia ya hewa haina cha kubana. Hapo ndipo geji hukazwa katika tundu la plagi, na kamba ikavutwa kwa nguvu iliyo sawa, mara nne, tano au sita, mpaka mshale ukome kupanda.

Hupendeza kuyafuata macho ya fundi wakati huo, kwa kuwa hayangoji mwisho wa safari ya mshale bali hushika mwanzo wake. Silinda yenye afya huurusha mshale kwa mvuto wa kwanza tu, ukamaliza sehemu kubwa ya mwendo. Iliyochoka huupandisha kidogo kidogo, hata mwisho ikafikia tarakimu ya kuridhisha ambayo ingemhadaa mtu asiyekuwapo. Mshale wenyewe una nasaba yake: ndani ya geji umo mrija wa shaba uliopindwa karibu kuwa duara, ambao ukijazwa hewa kwa nguvu hutaka kunyooka, na kunyooka huko ndiko kuuzungushako mshale. Ni tadbiri ya Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeipatia hataza mwaka 1849, zama za mashine za mvuke.

Lakini tarakimu peke yake si hukumu. Mashine nyingi za namna hii zikiwa nzima husoma baina ya ratili 100 na 130 kwa inchi ya mraba, na chini ya 90 mtu huanza kushuku. Hata hivyo geji mbili zaweza kuhitilafiana juu ya silinda moja, kwa urefu wa mpira wake au uchovu wa vali yake. Kwa hiyo fundi mwenye insafu hufanya kama kadhi asiyemhukumu ndugu mmoja mpaka amsikie na mwenziwe: huipima silinda ya juu na ya chini kwa geji ile ile na mkono ule ule, kisha akazilinganisha. Tofauti ikipita sehemu moja ya kumi, pana jambo. 115 na 110 ni salama. 120 na 90 ni ugomvi, ijapokuwa ya kwanza ni nzuri. 95 na 95 huenda ikawa ni uzee wa heri, na mashine hiyo itavuliwa samaki misimu mingine kadhaa.

Akiiona tofauti, bado hafungui. Hutia oili kiasi cha kijiko cha chai katika silinda dhaifu, akavuta kamba upya. Mshale ukipanda, oili imeziba upenyo, basi ila iko katika ringi au ukuta. Usipopanda, shaka huelekea kwenye gasketi, hedi, au tundu katika kichwa cha pistoni. Oili ikizidi, hujaza nafasi yenyewe na kuupandisha mshale kwa uongo. Masizi yaliyogandamana juu ya pistoni hufanya uongo huo huo, nami huwahofia mafundi wafurahiao tarakimu kubwa kupita kiasi.

Liko na jambo ambalo fundi wa pwani hana haja ya kulijua mpaka asafiri. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mashine isomayo 120 Tanga, ikifikishwa Mwanza bila kuguswa, itasoma karibu 105. Hakuna kilicholika. Mwenye kukariri tarakimu za pwani atazipasua mashine nzima za wavuvi wa dagaa bila sababu, hali yule aliyezoea kulinganisha ndugu wawili hatababaika, maana wote wawili wameshuka pamoja.

Wala geji haisemi yote. Hutoa habari za juu ya pistoni tu, na katika mashine hizi petroli hupita kwanza chini yake, katika chumba cha krenki, ambako sili zilizochoka zaweza kuifanya mashine igome kuwaka huku mshale ukisoma vyema kabisa. Fundi ajuaye hayo hasemi kwamba mashine ni nzima; husema silinda ni nzima, akaendelea kutafuta penginepo.

Kinachobaki ni ujira. Mwenye chombo hulipa kwa moyo mweupe akikabidhiwa ringi mpya, lakini akiambiwa kwamba hedi haina haja ya kufunguliwa, mkono wake huwa mzito, kana kwamba hakufanyiwa kitu. Akasahau kwamba boliti zilizokaa na chumvi miaka mingi hupenda kukatikia ndani ya bloku, na kuzitoa ni gharama ipitayo ya maradhi yenyewe. Kwa rai yangu, malipo ya kupima yaafikiwe kabla kamba haijavutwa, na yawe yale yale kwa jibu lolote, ili fundi asiwe na sababu ya kutamani mshale ushuke.