Nusu Sekunde ya Korongo

Ihanja, wilayani Ikungi, maji ya juu ya ardhi hayakai. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata ndani ya msimu huo korongo linaweza kufurika jioni na kuamka mchanga mtupu. Mpiga picha wa mto usiokauka anaweza kurudi wiki ijayo. Wa huku anapiga yakiwa yanapita. Ndiyo maana nauthamini sana ufundi wa kuchelewesha shata, kuiacha wazi kwa muda mrefu kuliko kawaida ili mwanga uingie polepole. Maji yenye haraka hupata nafasi ya kuonyesha yanavyokwenda.

Swali ni kuyapa muda gani. Kwa sekunde 1/1000 kila tone husimama peke yake hewani. Hiyo ni picha ya matone, mkondo haumo. Kwa sekunde 30 mkondo wote huwa ukungu, na huwezi tena kujua maji yanaelekea wapi. Picha za ukungu zinasifiwa sana, nami nadhani zinasifiwa kupita kiasi. Nachagua robo sekunde, nusu, mara chache sekunde nzima, kwa sababu hapo mtazamaji bado anayaona maji yalikotoka na jiwe yaliloligonga.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake Boulevard du Temple, barabara yenye pilikapilika jijini Paris. Bamba la enzi zile lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga. Magari ya farasi na wapita njia hawakuacha alama yoyote. Akaonekana mtu aliyesimama akisafishiwa viatu. Daguerre hakuwa na hiari, sisi tunayo, lakini kanuni ni ileile: muda mrefu hufuta kinachokimbia na hutunza kilichotulia. Kwa hiyo picha ya maji naianzia kwenye jiwe, na Singida haina upungufu wa majabali ya matale. Jiwe likiwa kali na lenye kila mkwaruzo wake, mwendo wa maji unapata cha kupimwa nacho.

Maporomoko ya Materuni kule Moshi, au Sanje katika Milima ya Udzungwa, humrahisishia mtu kazi. Maji safi yakivunjika hujaa viputo vya hewa, viputo hutawanya mwanga, na weupe ule ndio unaovutika ndani ya picha. Maji ya korongo yamebeba udongo. Yakipita bila kugonga kitu hayana weupe wa kuacha alama, na nusu sekunde itakupa uso wa kahawia usiosema lolote. Inakubidi ulifuate povu. Litafute linapozaliwa, chini ya jiwe au kwenye mzizi uliofukuliwa, kisha uangalie mkondo unalipeleka wapi. Shata ikiwa wazi, kila chembe ya povu inachora njia yake, na mistari myeupe na ya kahawia inapishana kama miyaa ya ukili unaosukwa. Nyuma ya jiwe utaiona mingine ikipinda na kurudi kinyume cha mto. Kwa macho matupu pale palikuwa na fujo tu. Picha inaonyesha kwamba maji yalikuwa na mpangilio wake tangu mwanzo. Sijui ufundi mwingine wa kamera unaonipa furaha ya namna hii.

Mwanga ndio mshindani mkubwa. Jua la saa sita mchana, kwa ISO 100 na tundu la lenzi f/16, linataka sekunde 1/100 hivi. Filta nyeusi inayopunguza mwanga mara 64 inakufikisha kwenye nusu sekunde na ushei. Asiye na filta asubiri wingu zito, limpe sekunde 1/12 hivi, au jioni. Asikimbilie f/22, maana mwanga ukipenya tundu dogo mno hutawanyika na jiwe letu linapoteza ukali.

Halafu kuna upepo, na Singida ni nchi ya upepo. Miguu ya tripodi ishindilie mchangani mpaka igome, ning'iniza begi katikati, weka saa ya kamera ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Majani yatayumba, yaache. Na usimame ukingoni juu, kamwe si ndani ya korongo, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali inaweza kushuka kwa kishindo huku wewe una jua kichwani.

Korongo likikauka, kazi inahamia kwenye pampu ya mkono. Nenda na kamera au simu inayokuruhusu kuchagua muda wa shata. Maji yanayotoka mdomoni mwa bomba yakiwa mbele ya kivuli yang'aa vizuri, na sekunde 1/15 inatosha: maji yanashikana, mkono unaopampu unaacha alama ya mwendo, ndoo inabaki imara. Mwombe ruhusa anayechota kabla hujasimamisha tripodi, mweleze kwa nini mkono wake utaonekana na ukungu wa mwendo, na umwonyeshe picha palepale, kwa kuwa naye atakuwa na maoni kuhusu maji yake.