Sera ya Programu Huria Katika Jiji la Munich: Tathmini ya Hoja ya Kushindwa

Uamuzi wa Baraza la Jiji la Munich, Ujerumani, wa mwaka 2003 wa kuhamia programu huria hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa sera iliyoshindwa, kwa kuwa mwaka 2017 baraza hilohilo liliamua kurejea Windows. Usomaji huo ni mwepesi. Kufikia mwisho wa mwaka 2013, kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zikitumia LiMux, mfumo ulioandaliwa na jiji lenyewe. Watumishi wake walikuwa pia wamebuni WollMux, programu ya kusimamia violezo vya barua na fomu za ofisi, wakaitoa itumiwe na yeyote. Taasisi iliyoshindwa kiufundi haifiki hapo.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Vitengo vya teknolojia vilitawanyika katika idara mbalimbali, hivyo lawama za huduma duni ziliiangukia LiMux hata pale ambapo kasoro ilikuwa ya kiutawala. Zito zaidi ni suala la nyaraka: jiji lilibadili muundo wa faili zake ilhali taasisi nyingi lilizoandikiana nazo ziliendelea kutumia Microsoft Office. Gharama ya kutopatana huko ilibebwa na upande mmoja, tena na karani mezani pake, si na diwani aliyepiga kura. Watetezi wanaoipima sera kwa ada za leseni pekee hulipita suala hili kimyakimya.

Aidha, sera iliyosimama juu ya kura ya baraza iliondolewa kwa kura nyingine. Mwaka 2020 makubaliano ya muungano mpya wa Chama cha Kijani na SPD yaliipa tena programu huria kipaumbele, pale inapowezekana.