Sifa za Fundi wa Kabureta

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Makadara na Jericho hata Umoja, Kayole na Dandora, ni nadra kukuta kituo cha bodaboda kisicho na fundi wake hatua chache kando, ameketi juu ya kigoda, spana zimetandazwa juu ya gunia, na mbele yake kabureta iliyofunguliwa. Nataka kumsifu mtu huyu kwa insafu, yaani bila ya kuidhulumu mashine mpya inayokuja kumpokonya sehemu ya kazi yake.

Kabureta haina akili. Ina umbo tu. Injini ikivuta pumzi, hewa hupita mbio katika koo jembamba, msukumo wake ukapungua, na petroli iliyomo bakulini ikapanda kwa tundu la jeti na kuchanganyika nayo. Tabia hiyo ya koo jembamba Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano, alikwisha kuieleza katika kitabu mwaka 1797, naye akishughulika na maji, wala hakuna aliyekuwa akiwaza pikipiki. Ila umbo halijui liko wapi duniani. Hewa ya Nairobi, mji ulioinuka kama mita 1,700 juu ya bahari, imepungukiwa na takriban sudusi ya uzito iliyo nao Mombasa, ilhali petroli inayopanda haipungui kwa kadiri ileile; hivyo pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya pwani hufika huku ikinywa kupita kiasi, moshi mweusi, plagi imejaa masizi, na nguvu hakuna.

Maarifa ambayo chombo hakikupewa, basi, sharti yakae katika mtu. Fundi hufungua plagi na kuisoma: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe, imepunguka na injini itaungua, rangi ya chai ya maziwa, hapo mizani imesimama. Huinua kishikizo cha sindano iingiayo katika jeti mkato mmoja ili sindano ishuke na petroli ipungue, akakaza na kulegeza skrubu ya hewa kwa robo ya mzunguko, na wakati wote huo macho yake aghalabu hayapo kwenye chombo, kwa kuwa kazi ni ya sikio: anangoja ile sauti ya injini iliyotulia isiyokohoa mkono unapovuta mafuta ghafula. Jeti ikiziba huipuliza. Na ikikataa, aliye stadi huchomoa uzi mmoja wa waya wa umeme, wala hagusi waya wa chuma, maana chuma hukwangua shaba, na tundu likipanuka kwa upana usioonekana kwa jicho, mwenye pikipiki atalipa tofauti hiyo kila siku katika kituo cha petroli. Mwanagenzi anayekatazwa waya huo haambiwi sababu siku ya kwanza. Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro ya chuo hiki cha kando ya barabara, ingawa nakiri kwamba hafundishiki kwa maneno mtu asiyejua bado kusikiliza.

Ama mfumo wa sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta, ambao Kawasaki iliutia katika pikipiki ya kuuzwa mwaka 1980, wenyewe huuliza kila dakika swali ambalo fundi huliuliza mara moja kwa miezi: hewa ina uzito gani, ina joto gani? Ukishuka nao Mombasa ukapanda tena, hauhitaji mtu. Hupunguza moshi na hupunguza matumizi, na mwenye mapafu yanayopita Barabara ya Jogoo jioni hana haki ya kuubeza. Huko Uhindi, zitokako pikipiki za Boxer na TVS zilizojaa kwetu, sheria ya moshi ya mwaka 2020 imekaribia kuiondoa kabureta katika pikipiki mpya, walakini nyingi za kuletwa Afrika zingali nayo. Mnunuzi wa huku hakosi hoja. Mafuta yetu si safi daima; tamaa ya kuyaghushi kwa mafuta taa ilifika hata serikali ikayatoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Bakuli la kabureta lililoingia uchafu humwagwa kando ya njia na safari ikaendelea. Pampu ya mfumo mpya ikifa, mwenye deni la pikipiki hulala na deni lake.

Na tukiwa katika kubishana, pikipiki za umeme, zisizovuta hewa wala petroli, zimekwisha kuingia katika vituo vilevile, na zote mbili, kabureta na kompyuta ya sindano za petroli, hazizihusu. Sikio la fundi halitakosa kazi kwa hilo. Beringi ya gurudumu huanza kulia siku nyingi kabla ya kuvunjika, na katika pikipiki isiyo na mngurumo wa injini italia kwa uwazi zaidi.