Ulishaji wa chura mchanga: somo la Kihansi kwa mfugaji wa Likasi

Chura wa Kihansi huzaliwa akiwa na urefu wa milimita 5 hivi. Hapitii maisha ya kiluwiluwi majini kama vyura wengi: mayai huanguliwa tumboni mwa mama, na watoto hutoka wakiwa vyura kamili, miguu minne, bila mkia. Jike aliyekomaa hafiki hata sentimita 3. Kiumbe wa kiasi hicho anahitaji kula tangu siku zake za kwanza, na mdomo wake hauwezi kumeza hata nzi wa kawaida wa nyumbani. Namna alivyolishwa na kutunzwa hadi akanusurika ni kisa kinachofaa kusomwa kwa makini na yeyote anayefuga chura mchanga, hata akiwa mbali na Tanzania, kama vile Likasi nchini Kongo.

Wanasayansi walimkuta chura huyo mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache tu za majani na kuvu-mwani vilivyolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipojengwa hapo, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Msomaji wa Likasi aliyefika Mwadingusha, ambako maporomoko ya Lufira yalifungwa kwa ajili ya umeme wa migodi tangu 1930, anaelewa mabadiliko ya namna hiyo bila kuelezwa sana. Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakagawanywa katika bustani nyingine za Marekani. Korongoni kwenyewe vyura waliporomoka ghafla baada ya Juni 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba wametoweka porini.

Lakini hata huko kwenye uangalizi hali ilikuwa mbaya. Kufikia mwisho wa 2004 walibaki chini ya 70. Hawakuwa wamekosa chakula kwa maana ya kushinda na njaa. Wahudumu walikuwa watu wa kazi hiyo, na wadudu walitolewa kila mara. Matatizo yaliyotajwa ni minyoo ya mapafu na upungufu wa virutubisho. Idadi ilianza kupanda pale mahitaji yao halisi ya makazi, mwanga na lishe yalipoeleweka. Hapo ndipo uzito wa jambo lote ulipo: mdudu anayemezwa na chura si chakula kamili kwa sababu tu amemezwa. Thamani yake hutokana na alichokula yeye mwenyewe kabla ya kuliwa, na vumbi alilopakwa juu ya mwili.

Mfugaji wa Likasi hana chura wa Kihansi, wala hapaswi kuwa naye. Aliye karibu naye ni chura mkubwa wa bustani, Sclerophrys gutturalis, anayeenea Haut-Katanga na sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Afrika. Huyu hutaga maelfu ya mayai kwenye uzi mrefu majini wakati wa mvua, na vijana wake hutoka majini wakiwa na urefu wa takriban sentimita 1. Tofauti ya uzazi ni kubwa, ila shida ya mdomo mdogo ni ile ile.

Siku za kwanza za chura aliyetoka majini zina jambo linalowatisha wafugaji wapya: hali kitu. Mkia unapofyonzwa na mwili, mdomo na utumbo vinajengwa upya kutoka vile vya kiluwiluwi mla mwani kuwa vya mla nyama, na mkia wenyewe ndio akiba ya chakula kwa muda huo. Kumsukumia wadudu kabla mkia haujaisha ni kumsumbua bure, na wadudu wasioliwa humtambalia na kumtafuna ngozi. Anachohitaji wakati huo ni maji ya kina kifupi sana na mteremko wa kupandia, kwa kuwa chura anayepoteza mkia huzama kwa urahisi.

Mkia ukiisha, njaa inakuja kwa kasi. Kanuni inayotumika ni kwamba mdudu asizidi upana ulio kati ya macho mawili ya chura. Kwa watoto wa Kihansi walitumika kolembola, wale wadudu wadogo wanaoruka kwenye majani yaliyooza, pamoja na nzi wa matunda na nyenje waliototolewa karibuni, ambao hawazidi kichwa cha pini. Hapa kazi ya mfugaji inageuka. Muda mwingi hautumiki kumhudumia chura. Unatumika kuzalisha mawindo. Kolembola hukuzwa ndani ya chombo chenye makaa ya mti yaliyolowa, wakalishwa punje chache za hamira au mchele. Nzi wa matunda huzaliana kwenye ndizi iliyoiva mno ndani ya chupa iliyofunikwa kitambaa. Chombo kimoja hakitoshi: vinaanzishwa viwili au vitatu kwa kupishana siku, ili kimoja kikifa kwa ukungu kingine kiwe tayari.

Likasi ina hazina ambayo bustani za Marekani hazina. Vichuguu virefu vya mchwa, vinavyosimama mita kadhaa juu ya ardhi ya Haut-Katanga, vimejaa vibarua wadogo, laini, wasioruka. Chura mchanga aliyefikisha sentimita 2 humeza mchwa kibarua bila taabu. Askari wa mchwa waondolewe, maana taya zao hukata. Vidukari wanaojibandika chini ya majani ya mboga wanafaa kwa chura mdogo zaidi. Sharti moja halina msamaha: wadudu wasitoke kwenye bustani iliyopigwa dawa, wala chombo cha chura kisikae katika chumba kinachopulizwa dawa ya mbu. Ngozi ya chura hupitisha sumu kama inavyopitisha maji.

Upungufu uliopo ndani ya wadudu hawa hauonekani kwa macho. Nyenje, nzi na mchwa wana fosforasi nyingi kupita kalsiamu, wakati mwili unaokua unahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na heri iwe mara mbili yake. Chura akikosa kalsiamu kwenye chakula huitoa kwenye mifupa yake. Taya linakuwa laini kama mpira, mgongo unapinda, miguu ya nyuma inatetemeka anaporuka, na hatimaye hawezi kukamata chochote. Dalili hizo zikionekana ugonjwa tayari umekwenda mbali, na mifupa iliyopinda hainyooki tena. Ndiyo maana wadudu hupakwa unga wa kalsiamu kabla tu ya kutolewa. Wakikaa nao muda mrefu, hasa nyenje, hujisafisha wakaupukuta wote. Pale unga wa dukani usipopatikana, maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa hadi yawe laini kama unga wa mhogo, ni karibu kalsiamu kabonati tupu.

Kalsiamu peke yake haifiki mifupani. Inahitaji vitamini D3, na hiyo hupatikana kwa njia mbili: ndani ya unga wa vitamini, au kwa miale ya urujuanimno ya jua. Katika vyumba vya vyura wa Kihansi zilifungwa taa maalumu zinazotoa miale hiyo. Mfugaji wa Likasi ana jua la bure, ila lazima ajue mipaka yake. Kioo huzuia miale inayohitajika, hivyo chombo cha kioo kilichowekwa dirishani kinampa chura joto bila faida. Kinachofaa ni chombo chenye mfuniko wa wavu, nje, asubuhi mapema, kwa dakika chache, kikiwa na nusu ya eneo lenye kivuli na udongo uliolowa. Jua la adhuhuri huua chura mdogo haraka kuliko njaa.

Vitamini A ni kisa chake chenyewe. Wanyama wengi huitengeneza kutokana na rangi ya karoti na mboga za majani; vyura hawaiwezi kazi hiyo vizuri. Chura wa Wyoming, jamii nyingine iliyonusuriwa na bustani za wanyama za Marekani, alionyesha matokeo yake waziwazi: akikosa vitamini hii, utando wa ulimi hubadilika na kupoteza unato. Chura anamwona mdudu, anautoa ulimi, mdudu hanasi. Mtazamaji hudhani amekosa shabaha au hana hamu, kumbe anakufa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Unga wenye vitamini A iliyokamilika unatolewa mara moja kwa wiki au chini ya hapo, kwa kuwa ikizidi nayo hudhuru. Kuwalisha nyenje karoti na majani mabichi siku moja au mbili kabla ya kuwatoa kuna faida, lakini hakuchukui nafasi ya unga huo.

Chura hanywi kwa mdomo. Hukaa juu ya mahali penye unyevu akafyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja, kwa hiyo kila kilichomo majini kinaingia mwilini. Kwa Kihansi kazi ya maji ilikuwa kubwa: mitambo ya kunyunyiza ilijengwa kuiga manyunyu ya maporomoko, nayo ilihitaji maji safi. Kwa Likasi maji ndiyo hatari ya kwanza kufikiriwa. Mji umekua juu ya shaba na kobalti, na tafiti katika bonde la juu la Lufira zimekuta metali hizo kwa wingi kwenye maji na mashapo ya mito inayopokea maji ya viwanda, Panda ukiwa mmojawapo. Shaba kidogo tu, isiyomdhuru binadamu, huvuruga uwiano wa chumvi katika mwili wa viluwiluwi na vyura wachanga. Maji ya mto ulio chini ya viwanda, au ya mfereji unaopita kwenye mabaki ya madini, hayafai hata yakionekana maangavu, na kuyachemsha hakuondoi metali bali huzidisha mkusanyiko wake.

Maji ya bomba ya shirika la maji, Regideso, yana klorini. Yakiachwa wazi kwenye ndoo pana ya plastiki kwa usiku na mchana mmoja, klorini ya kawaida hutoka. Maji ya mvua ni mazuri kama yamekingwa moja kwa moja kutoka angani; yanayotiririka juu ya bati jipya huchukua zinki, na mvua za kwanza za mwaka huosha vumbi la miezi yote ya kiangazi, kwa hiyo zipishwe. Maji ya chombo hubadilishwa kila siku, kwa sababu mkojo wa chura huzalisha amonia, nayo inarudi mwilini kwa njia ile ile ya ngozi.

Minyoo ya mapafu iliyowasumbua vyura wa Kihansi inaeleza kwa nini usafi wa sakafu ya chombo una uzito zaidi kuliko mapambo yake. Minyoo hiyo haihitaji mnyama wa pili kukamilisha maisha. Mayai hutoka na kinyesi, mabuu hukua kwenye udongo uliolowa, kisha hupenya ngozi ya chura yule yule au jirani yake. Porini chura huhama. Ndani ya chombo anakanyaga mabuu yake usiku kucha. Karatasi laini isiyo na manukato, iliyoloweshwa na kubadilishwa kila siku mbili, haipendezi macho kama udongo na mimea, lakini hukata mzunguko huo, na kwa chura mchanga hilo ndilo chaguo bora. Gamba la mti au kigae kilichoinuliwa kidogo kinatosha kuwa maficho. Msongamano uepukwe: ndugu wa umri mmoja hawakui sawa, na mkubwa huwanyang'anya wadogo chakula au kuwameza.

Ratiba hufuata ukubwa. Katika miezi ya mwanzo chakula hutolewa kila siku, jioni, kwa kiasi kinachoisha usiku huo, na wadudu waliobaki huondolewa asubuhi. Akifikisha sentimita 4 hivi, kumlisha kwa kuruka siku moja kunatosha. Akikomaa, mara mbili au tatu kwa wiki. Kumbikumbi wanaporuka mwanzoni mwa mvua, chura aliyekomaa hula hadi tumbo linavimba, na wana mafuta mengi, hivyo baada ya karamu hiyo apumzishwe siku kadhaa. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Likasi hupunguza usagaji wa chakula. Chura aliyeshiba kwenye baridi hubaki na mdudu anayeoza tumboni, kwa hiyo mlo upunguzwe na chombo kiwekwe ndani ya nyumba. Kupima uzito kila wiki kwa mizani ndogo huonyesha tatizo mapema kuliko jicho. Mikono ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri kabla ya kumshika, na ioshwe tena baadaye, kwa kuwa tezi za nyuma ya macho yake hutoa sumu na ngozi huweza kubeba salmonela.

Agosti 2010 vyura 100 wa Kihansi walirudishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam, wakakaa kwanza kwenye maabara ya Chuo Kikuu. Urejeshaji korongoni ulianza 2012, kwa awamu na kwa majaribio, kwa sababu kuvu wa kitridi anayeua vyura duniani kote alikuwa ameshakutwa huko. Mfugaji anayetaka kumwachia chura wake ana sababu mbili za kuwa na hadhari hiyo hiyo. Ya kwanza ni kuvu huyo, ambaye hubebwa na maji na ngozi bila dalili kuonekana. Ya pili ni chura wa bustani mwenyewe: mwaka 1922 alipelekwa Mauritius ale wadudu, akaenea kisiwa kizima, na sasa anawala wanyama wadogo wasiopatikana kwingine. Chura aliyewahi kukaa pamoja na vyura wa mahali pengine haachiliwi kabisa. Aliyekaa peke yake, mzima, mwenye uwezo wa kukamata mawindo, huachiwa kwenye bustani ile ile alikookotwa, jioni, mvua zikiwa zimeshika.