Fani ya Malimau, Maudhui ya Nani?

Ubishi wenyewe ulianzia kijiweni, kama kawaida yetu. Mwenzetu mmoja alikuja na picha kwenye simu: sanamu kubwa kushinda nyumba, na ukisogeza macho unaona halikuchongwa wala kufinyangwa. Ni machungwa na malimau, moja moja, maelfu kwa maelfu. Mshikaji mmoja akasema, "Hiyo siyo sanaa, bwana. Hilo ni genge la matunda lililopangwa vizuri." Tulicheka sana, lakini mimi neno lile lilinikaa, na ndilo ninalolijibu hapa.

Kwa wasioijua, hiyo ni Fête du Citron, yaani Sikukuu ya Limau, katika mji mdogo wa Menton, Ufaransa, pwani ya Mediterania, mpakani kabisa na Italia. Hufanyika Februari na kugusa Machi. Chanzo chake ni biashara tupu: mwaka 1929 mwenye hoteli alipanga maonyesho ya maua na matunda bustanini kwake ili wageni waliokimbilia huko kukwepa baridi wapate cha kutazama. Mwaka 1934 ikawa sikukuu ya mji. Kwa hiyo mshikaji wangu akisema ni tangazo la hoteli, hajakosea. Ila hata malenga wengi walitunga kwa kulipwa na mabwana zao, na hatujawafuta kwenye vitabu.

Tuanze na fani. Mafundi wanasimamisha kiunzi cha chuma, wanakivika majani makavu na wavu wa waya, halafu kila tunda linafungwa kwa mpira wake, kwa mkono. Kila tunda! Sikukuu moja hula tani 140 hivi za matunda, na sanamu nyingine hufika mita kumi kwenda juu. Rangi walizopewa ni mbili, njano na chungwa, na kijani kidogo cha majani. Jipange. Yeyote aliyewahi kuhangaika na vina na mizani ataelewa raha na mateso ya kazi hiyo. (Chungwa letu la Muheza, pamoja na utamu wake wote, lisingepata ajira pale. Linaiva likiwa na ngozi ya kijani, kwani usiku wa kwetu hauna baridi ya kuigeuza.)

Na kuna jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sanaa yenyewe. Matunda yanaoza. Maonyesho yakiwa yanaendelea, mafundi wanapita kuondoa yaliyoharibika na kufunga mapya. Yaani lile sanamu unalolipiga picha Jumapili ya mwisho si lile la siku ya ufunguzi, ingawa umbo ni lilelile. Sisi tukiandika ukurasa mmoja tunaufungia kabatini kama hati ya kiwanja. Hawa jamaa wanahariri kila siku kazi ambayo wiki mbili baadaye itabomolewa.

Wapo wanaoilaumu sikukuu kwamba ni ya uongo, maana matunda mengi ya sanamu hutoka Hispania. Sikubaliani nao. Limau la Menton ni adimu na la bei, na mwaka 2015 lilipewa ulinzi rasmi wa jina lake Ulaya. Kulitundika kwenye waya lingekuwa tusi kwa mkulima.

Tatizo langu lipo kwenye maudhui. Kila mwaka wanachagua dhamira, na mara nyingi dhamira hiyo ni nchi za watu. Mwaka 2013 waliizunguka dunia kwa siku themanini. Februari 2015 ikawa safari ya limau nchini China. Mwaka 2018, Bollywood. Sawa, inapendeza. Lakini Juni ya mwaka huohuo wa 2015, Waafrika, wengi wao Wasudani na Waeritrea, walilala juu ya mawe ya ufukwe upande wa Italia, hatua chache tu kutoka Menton, kwa sababu polisi wa Ufaransa waliwazuia kuvuka. Tangu wakati huo treni zinazotoka Ventimiglia zimekuwa zikipekuliwa kwenye stesheni ya kwanza ya Menton, watu wanashushwa na kurudishwa. Wengine wamekufa wakijaribu kupita kwenye reli na barabara kuu.

"Sasa ulitaka watengeneze sanamu la polisi?" mshikaji akaniuliza. Hapana. Sidai sanaa ihutubie, tumeshachoka na ngonjera. Nadai kitu kidogo tu: ukiichukua dunia iwe dhamira yako, halafu dunia yenyewe ikafika mlangoni kwa miguu, kimya chako kinasomeka. Msanii hawezi kusema hakuiona.

Na mji huu unajua kupokea mgeni, ndiyo maana naudai. Mwaka 1920 Katherine Mansfield, mwandishi wa New Zealand, alifika pale kifua kikuu kikimtafuna, akaishi Villa Isola Bella na kuandika baadhi ya hadithi fupi zake bora. Tangu 1970 waandishi wa New Zealand wamekuwa wakipewa ufadhili wa kwenda Menton kuandika, kwa kumbukumbu yake. Mgonjwa mmoja aliyekaribishwa, na nusu karne baadaye matunda yake bado yakachumwa.

Sikukuu ikiisha, matunda yaliyo mazima huuzwa kwa bei ya chini, watu wakapike jemu. Nilipolitaja hilo kijiweni, yule mshikaji wa genge la matunda alinyamaza kidogo, akasema anataka kuandika hadithi ya fundi anayepanda ngazi asubuhi kubadilisha malimau yaliyooza, na kutoka huko juu anaiona stesheni. Nimemwambia ailete Jumamosi, tuisome.