Jina la kitabu cha Dan Crawford

Mprotestanti huyu Mskoti alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1890. Kitabu chake, Thinking Black (1912), yaani kufikiri kama mtu mweusi, kinajisifu katika jina lake miaka 22 pasipo kurudi kwao. Hapo tunabisha. Mtu anayehesabu miaka ya kukosa kwao, mawazo yake yangali huko. Nasi Dilala, mji wa waliokuja kwa kazi ya shaba, hesabu hiyo tunaijua sana.

Wenyeji walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Msiri alipouawa mwaka 1891, watu walitawanyika. Wengi wakakaa naye Luanza, kando ya ziwa Moero. Jina hili halihesabu miaka. Biblia aliitafsiri katika Kisanga, hata Wakatoliki tuikubali kazi hiyo. Alifia Luanza mwaka 1926.