Mashine Iliyompeleka Babu Ulaya

Sentensi niliyoiandikia programu ya akili unde ilikuwa nyepesi: "Endeleza hadithi hii. Babu alitoka Kilosa asubuhi kwa baiskeli, mchana akafika Ulaya, jioni akalala Mikumi." Mashine ikamnunulia babu koti zito. Baiskeli ikaachwa uwanja wa ndege, na mchana huohuo babu akawa anashangaa theluji.

Kwa msomaji asiye mwenyeji: Ulaya ni kata ya Wilaya ya Kilosa, kwenye barabara inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Theluji haipo. Vumbi lipo.

Wajuzi wa maagizo, au prompti kama wengi tunavyoziita, wangesema kosa ni langu, sikutoa muktadha. Kwa kiasi fulani wana haki. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, nazo hukisia neno lipi lifuate lipi; katika maandishi hayo, Ulaya ya theluji imeandikwa mara nyingi kuliko Ulaya yetu. Agizo husukuma ukisiaji huo upande mmoja. Nikaongeza mstari wa maelezo, babu akarudi juu ya baiskeli. Ila sasa alikuwa akisalimia wanakijiji "kwa tabasamu pana", na alipofika Mikumi alikuwa amejifunza thamani ya uvumilivu. Sikuagiza tabasamu, wala funzo. Pale nilipokaa kimya, mashine ilijaza.

Sauti ile niliijua. Ni yangu mwenyewe ya kidato cha nne. Tulipewa kichwa cha insha na idadi ya maneno, nasi tukajaza: utangulizi, hoja, methali moja, hitimisho lenye matumaini. Tulisahihishwa mpaka tukatabirika. Kwa hiyo siicheki sana mashine.

Binamu yangu wa Mikumi, anayesaidia kutangaza nyumba ya wageni, hana mgogoro nayo kabisa. Agizo lake huanza: "Wewe ni mwandishi wa utalii mwenye uzoefu wa miaka 20." Anapata tembo, machweo ya dhahabu na "tukio lisilosahaulika". Kwa tangazo, linatosha. Lakini barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi, malori usiku kucha, na wanyama hugongwa. Mwandishi wa utalii hataji hayo. Ukiipa mashine cheo, umeipa pia mambo ya kunyamazia.

Yote hayo yangebaki mzaha kama bibi yangu mzaa mama asingefariki mwaka jana. Ukoo uliniomba, mimi msomi wao, niandike kitu cha kusomwa kwenye arobaini yake. Nilitaka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, pale mto Mkondoa ulipovunja tuta, ukaingia Kilosa na kuharibu hata Reli ya Kati. Bibi aliyapitia. Mimi nilikuwa na daftari lenye sentensi zake tatu.

Nikaagiza: "Wewe ni bibi wa Kilosa." Ikaja radi, mvua kubwa, mawingu mazito. Bibi alisimulia kinyume: usiku ule kwake hapakuwa na mvua ya maana, maji yalitoka juu. Nikasahihisha. Nikaweka zile sentensi tatu kama mifano. Mashine ikagundua kwamba alikuwa akisema "mjukuu wangu", ikaligonga neno hilo kila mstari kama muhuri wa ofisi ya kata. Nikapunguza. Kufikia agizo la kumi na nne nilikuwa nimeingiza godoro lililoelea, kuku juu ya paa, jirani aliyebeba redio kichwani, yaani kila nilichokijua. Ndipo ikatoa hii: "Maji hayapigi hodi."

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosifu agizo zuri. Agizo langu baya lilijifichua lenyewe, kwa theluji. Hata mtoto wa Kilosa angecheka. Agizo zuri nililisuka kwa godoro la kweli na kuku wa kweli, na ukweli huo ukawa mdhamini wa sentensi ambayo hakuna aliyewahi kuisema. Kadiri nilivyoagiza kwa ustadi, ndivyo nilivyozidi kupoteza uwezo wa kujua bibi anaishia wapi. Na sikujali, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri.

Niliisoma mbele ya ukoo. Mjomba akalia. Tangu siku hiyo huitumia msibani, barazani, hata kwenye simu: "Kama alivyosema mama, maji hayapigi hodi."

Mama mdogo alinivuta pembeni. "Hivi mama alisema hivyo lini?"

Nikamjibu nitaangalia kwenye daftari.

Nimeangalia. Sentensi ni tatu, na hiyo haimo. Wiki iliyopita mjomba alinipigia kuuliza kama maneno yale yataenea kwenye kibao cha kaburi, au wapunguze ukubwa wa herufi.